Aina ya embe na maembe ya aina aina: jinsi ya kulitumia neno "variety"

Msimu wa maembe, mgeni mmoja alisimama chini ya mwembe huko Kizimbani, akashika embe lililokuwa limening'inia karibu na uso wake, akauliza: "Which variety is this?" Kijana aliyekuwa akimtembeza shambani, ambaye jioni huja kusoma Kiingereza kwangu, akajibu kwa furaha: "Yes, variety! Very many!" Mgeni akatabasamu, akaliachia lile embe, wakasonga mbele.

Jioni ile kijana akanisimulia. "Mwalimu, nilidhani ananiambia hapa pana vitu vingi." Nikamwambia mgeni alikuwa anataka jina tu: ni boribo, ni dodo, ni muyuni, au ni shomari? Kijana akashika kichwa. Majina hayo anayajua tangu yuko chuoni akisoma Kurani, na anaweza kumtambua boribo kwa harufu tu, macho yamefumbwa. Elimu alikuwa nayo yote. Kilichomkosesha ni neno moja.

Iliniuma, maana neno hili halikwepeki kwa mtu yeyote Unguja au Pemba anayezungumza na wageni kwa Kiingereza. Liko kwenye menyu za Forodhani, kwenye vibao vya mashamba ya viungo, kwenye pakiti za Darajani, na mara nyingi limeandikwa vibaya. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya vijana wa kutembeza wageni, kina mama wa mikahawa, wauza viungo, na mwanafunzi wa sekondari anayetaka kuliweka neno hili kwenye insha yake bila wasiwasi.

Hatua ya kwanza: litengeneze kwanza mdomoni

Neno lina silabi nne: va-RAI-e-ti. Mkazo unakaa kwenye RAI. Sisi Kiswahili kimetuzoesha kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi ulimi unataka kusema "va-ri-E-ti", na mgeni anababaika. Ile "va" ya mwanzo iseme haraka na kwa sauti ya chini, kama unaimeza, kisha upande juu kwenye RAI. Mmarekani utamsikia kama anasema "va-RAI-e-di", ile t yake imelainika. Ni neno lilelile, usidhani ni jingine.

Hatua ya pili: jiulize kwa Kiswahili unataka kusema nini

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapotumia jioni nzima na wanafunzi wangu.

Sisi tuna neno "aina". Linatutosha kwa mambo mawili. Tunasema "hii ni aina ya embe", tukiwa na maana ya kitu kimoja chenye jina lake. Tunasema pia "kuna maembe ya aina aina", au "ya aina mbalimbali", tukiwa na maana ya mchanganyiko, vingi visivyofanana. Anayeandika kwa lugha ya kitabu ataongeza "anuwai", neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ambako tayari lilikuwa wingi: nau ni aina moja, anwaa ni aina nyingi.

Variety nalo linabeba mizigo hiyo miwili. Linaweza kuwa aina moja inayojulikana kwa jina, na linaweza kuwa ile hali ya kuwepo vitu vingi visivyofanana. Kijana wangu aliujua mzigo wa pili tu. Mgeni alikuwa amebeba wa kwanza.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, lisemee moyoni kwa Kiswahili. Je, ninataja kimoja chenye jina? Au ninasifu wingi wa vitu mbalimbali? Ukishajua ni lipi kati ya hayo mawili, sentensi yako imeshapata njia.

Na ukiulizwa "Which variety?" au "What variety is it?", unaulizwa jina. Jibu ni fupi: "It's a variety called boribo." Ukipenda, ongeza neno moja la sifa yake: ni tamu, haina nyuzi, inaliwa mbichi kwa pilipili na chumvi. Mgeni anayeuliza hivyo kwa kawaida ni mtu anayependa mimea, na atakusikiliza.

Hatua ya tatu: tazama mkia wa neno linalokuja baada ya "of"

Kiswahili kinatuonyesha umoja na wingi wa "aina" kwa herufi moja: aina *ya* embe, aina *za* embe. Neno lenyewe halibadiliki, kinachobadilika ni ya na za. Kiingereza kinaficha alama hiyo mahali pengine, kwenye mkia wa maneno. Soma hizi tatu polepole:

"A variety of mango": aina moja ya embe. Dodo, kwa mfano.

"A variety of mangoes": maembe ya aina mbalimbali, kama kapu la muuzaji pale Mwanakwerekwe asubuhi.

"Varieties of mango": aina za embe, yaani dodo, boribo, muyuni, shomari, ukiziorodhesha moja moja.

Kati ya sentensi ya kwanza na ya pili kilichoongezeka ni mkia mdogo wa wingi kwenye "mango", na maana imegeuka kabisa. Wanafunzi wangu huwaambia waziandike tatu hizi kwenye daftari kwa wino mwekundu. Halafu nawaambia wabadilishe, waweke ndizi: mkono wa tembo, mzuzu, kisukari, pukusa. "Kisukari is a variety of banana." "My aunt sells a variety of bananas." Shangazi anauza ndizi za kila aina, kisukari ni aina moja. Mtu akizisema hizo mbili bila kusita, nusu ya safari imekwisha.

Yapo maneno yatakayokusumbua kwa sababu hayapendi kuongezwa mkia: fish, fruit, food, seafood. "A variety of fish" ni samaki wa aina mbalimbali, ingawa fish imebaki vilevile. Anayeandika menyu Forodhani yuko sawa akiandika "a variety of seafood" juu ya pweza, ngisi, changu na jodari waliopangwa mezani. Kwa maneno kama haya, kinachokuongoza ni mazingira ya sentensi.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni kuiangusha ile "a" ya mbele au ile "of" ya katikati. "We have variety of spices" inakosa "a". "We have varieties spices" inakosa "of", na varieties haikuwa inatakiwa hapo kabisa. "Many variety" haisemwi. Ukitaka kusisitiza wingi, sema "a wide variety of" au "a great variety of". Yashike maneno hayo yakiwa yamefungamana, kama unavyoshika "hali kadhalika" au "mara kwa mara" bila kuyachambua.

Hatua ya nne: usikiite variety kitu kisichokuwa variety

Hatua hii ni ya watu wa mashamba ya viungo hasa, na naipenda kwa sababu inamlazimisha mtu aujue mmea wake vizuri.

Unaposema "varieties of" kitu fulani, Mwingereza anaelewa kuwa unazungumzia mmea mmoja wenye vizazi vyake tofauti, kama embe dodo na embe boribo. Vyote viwili ni mwembe. Karafuu na mdalasini si hivyo. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijachanua, mdalasini ni gome la mti mwingine kabisa. Kwa hiyo usiseme karafuu, mdalasini na hiliki ni "varieties of spice". Sema ni "different kinds of spices", au sema shamba lako lina "a variety of spices". Changu na jodari vilevile: ni "kinds of fish".

Chukua tunda la kungumanga. Likiiva linapasuka lenyewe, na ndani unaona wavu mwekundu kama wa kufuma umeikumbatia mbegu nyeusi inayong'aa. Ule wavu ndio basibasi. Ukiuvua taratibu na kuipasua ganda la mbegu, ndani ndiyo kungumanga yenyewe. Mti mmoja, tunda moja, viungo viwili. Mgeni akikuuliza kama basibasi ni "another variety", mwambie hapana: "They come from the same fruit. This is mace, and this is nutmeg." Nimewaona wageni wakiinama kuutazama ule wavu kwa muda mrefu baada ya kuambiwa hivyo.

Pilipili manga nayo. Nyeusi na nyeupe zote hutoka kwenye mtambaa uleule. Punje zikianikwa na ganda lake zinakuwa nyeusi na kukunjamana, zikirowekwa na kuvuliwa ganda zinakuwa nyeupe. Tofauti imetoka kwenye mikono ya binadamu, haikutoka kwenye mbegu, basi variety haifai hapo.

Na Wapemba mnaouza karafuu, hili ni lenu. Karafuu ikipelekwa kuuzwa kwa ZSTC, lile shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, hupangwa daraja la kwanza, la pili, la tatu, kwa kutazama ukavu na usafi wake. Daraja ni "grade". Mgeni akikusikia unasema "first variety" atadhani kuna mkarafuu wa namna nyingine, kumbe ni karafuu ileile iliyoanikwa vizuri zaidi kwenye jamvi. Makonyo nayo hayaitwi variety ya karafuu. Ni vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, na kule Wawi hukamuliwa mafuta. Kwa Kiingereza ni "clove stems".

Kuna mahali pengine ambapo neno hili linakaa vizuri sana, nalo ni lugha. Wataalamu wa lugha hulipenda kwa sababu haliinui lahaja moja na kuidhalilisha nyingine. "Kimakunduchi is a variety of Swahili." Hali kadhalika Kitumbatu, Kipemba, na Kiunguja cha mjini kilichochaguliwa mwaka 1928 katika mkutano wa Mombasa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mgeni akikuuliza kwa nini bibi yako wa Makunduchi hazungumzi kama mtangazaji wa redio, jibu lako lipo hapo, lenye heshima kwa bibi na kwa mtangazaji.

Hatua ya tano: kitenzi

Hapa sitakaa sana. "A variety of spices" ni viungo vingi, kwa hiyo kitenzi kinafuata wingi: "A variety of spices are grown here." Lakini ukianza na "the", unazungumzia ile hali ya kuwa mbalimbali, kitu kimoja: "The variety of spices here is surprising." Utawasikia Waingereza wengine wakisema "is" hata kwa ile ya kwanza. Waache, wewe fuata wingi, utakuwa salama kwenye mtihani na mbele ya mgeni.

Lipo pia linalosimama peke yake, bila a wala the. "For variety" ni kwa ajili ya kubadilisha, ili mtu asichoke na kitu kimoja. Mama anayepika samaki wa tui leo na chukuchuku kesho anaweza kuandika: "We change the menu every day for variety." Na ule msemo ambao kila kijana wa mashamba ya viungo anapaswa kuujua, "Variety is the spice of life", hauna a wala the mbele ya variety. Umetokana na shairi la Mwingereza William Cowper la mwaka 1785, kabla ya karafuu kuwa zao la visiwa hivi, na maana yake ni kwamba maisha hupata ladha kwa kubadilika. Mgeni akiusikia kutoka kwako huku umeshika gome la mdalasini mkononi, atafurahi kweli. Useme mara moja kwa siku tu.

Hatua ya sita: wajue ndugu zake

"Various" ndiye anayechanganywa zaidi. Linatamkwa VEA-ri-as, mkazo mwanzoni. Halitaki "of" na halitaki "a": "various spices", basi. Ukiona umeandika "various of spices", futa of.

"Varied" ni sifa ya kitu kimoja chenye mambo mengi ndani yake: "a varied menu".

"Different" ni kama "tofauti" yetu. Tunasema "nimeonja vyakula tofauti" tukimaanisha mbalimbali, na Kiingereza kinaruhusu hivyo hivyo. Mwenye shaka na variety akimbilie "different kinds of", hatakosea.

"Assorted" ni la vitu vilivyochanganywa kwenye pakiti moja lakini kila kimoja kimebaki kilivyo. Vile vikapu vidogo vya ukindu vinavyouzwa Darajani, ndani mna pakiti ya hiliki, ya karafuu, ya mdalasini, ya manjano: hivyo ni "assorted spices". Ikiwa umevisaga pamoja vikawa unga mmoja, kama bizari ya mchuzi, usiandike assorted. Andika "spice mix".

"Variation" ni kupanda na kushuka kwa kitu kilekile. Bei ya pweza sokoni leo hivi, kesho vile: "variation in price".

Kisha yapo matumizi ya ng'ambo ambayo utakutana nayo kwenye filamu: "variety show" ni onyesho lenye nyimbo, vichekesho na mazingaombwe kwa mpigo, na "variety store" kwa Wamarekani ni duka la vitu vidogo vidogo vya bei nafuu.

Hatua ya saba: jipime

Funika majibu kwa kiganja, sema kwa sauti, kisha funua.

Mzuzu ni aina ya ndizi. — Mzuzu is a variety of banana.

Tunauza ndizi za aina mbalimbali. — We sell a variety of bananas.

Kuna aina ngapi za embe hapa? — How many varieties of mango are there here?

Hii ni karafuu ya daraja la kwanza. — These are first-grade cloves.

Nilionja vyakula mbalimbali Forodhani. — I tried various dishes at Forodhani.

Ukikosea la nne, rudi hatua ya nne. Ukikosea la kwanza au la pili, rudi ya tatu, na usione tabu kurudi mara mbili.

Hatua ya mwisho: kibao

Dada yangu ana mgahawa mdogo Wete. Alikuwa ameshamlipa fundi wa maandishi, na kibao kilikuwa kimeegemezwa ukutani kikikauka: WE HAVE VARIETY OF SPICE AND VARIETIES FISH. Herufi zilikuwa nzuri, nyekundu juu ya nyeupe. Nilifika siku hiyo kwa boti, na sikutaka kumvunja moyo, lakini nikamwambia, "Dada, wageni watakisoma hiki kila siku kwa miaka."

Tukakaa kibarazani na karatasi. Kwanza nikamuuliza anataka kusema nini kwa Kiswahili. Akasema: viungo vya kila aina, na samaki wabichi. Basi samaki hawahitaji variety, wanahitaji "fresh". Viungo vinahitaji "a" mbele na mkia wa wingi nyuma. Tukapata: WE HAVE A VARIETY OF SPICES AND FRESH FISH.

Wewe unayeandika kibao, fuata mpango huohuo. Andika kwa Kiswahili kwanza. Piga mstari chini ya neno linalobeba "aina". Amua ni aina moja au ni mbalimbali. Andika Kiingereza. Tafuta a, tafuta of, tazama mkia wa neno la baada ya of. Mpe mtu mwingine asome. Ndipo umwite fundi.

Fundi alikuja alasiri. Neno la VARIETIES alilipaka rangi nyeupe, akasubiri likauke, akaandika FRESH juu yake. S ya SPICES ilipata nafasi kwa sababu kabla ya AND palikuwa na pengo pana. Ile A ndiyo iliyomtoa jasho. Kati ya HAVE na VARIETY palikuwa na upana wa kidole tu, akachukua brashi nyembamba kuliko zote, akazuia pumzi, akaiandika ndogo, imesimama wima kama mtu aliyebanwa kwenye daladala. Kibao kiko pale hadi leo, na kutoka ng'ambo ya barabara A ile inasomeka.